Verlyn Brekke na Boksi Lake Linalolia

Verlyn Brekke hakuwahi kufunga mlango wa pikapu taratibu tangu azaliwe. Naanza na hilo kwa sababu kwetu huku Dakota, ukitaka kumwita koyote aje umpige risasi, somo la kwanza ni mlango. Unaegesha nyuma ya kilima, unashuka, unausukuma mlango kwa nyonga mpaka ushike bila sauti. Kisha unatembea upepo ukikupiga usoni, unakaa, unanyamaza. Koyote, huyu mbweha wetu mwenye miguu mirefu, husikia mlango wa gari akiwa bonde la pili. Verlyn aliubamiza. Kisha alisimama palepale akipandisha suruali na kuuliza kwa sauti nani kabeba kahawa.

Maisha yake yote aliuza vipuri vya matrekta dukani mjini, akiwa amesimama nyuma ya kaunta, akisikiliza wanaume wakisimulia mawindo yao. Alipostaafu, mkewe Marlys akachoka kumkuta jikoni kila akigeuka, akamwambia atafute la kufanya. Angeweza kutafuta karata. Angeweza kuimba kwaya, kanisa letu la Kilutheri halijawahi kuwa na sauti nzito ya maana. Yeye akatafuta koyote.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na Verlyn alichagua majembe yote ya dukani. Alinunua mavazi ya mabaka ya kijani kibichi, katika nchi ambayo nyasi ni manjano karibu mwaka mzima, akaonekana kama kichaka kilichopotea njia. Alinunua bunduki yenye darubini ndefu kama mkono, kigoda cha kukunja, na mkia wa manyoya unaozunguka juu ya waya ili koyote adhani kuna mnyama anayetapatapa. Na akanunua lile boksi.

Lilikuwa spika ya plastiki yenye rimoti. Ukibonyeza, linalia kama sungura anayekufa, au kigogota aliyenaswa, au kitoto cha paa. Marehemu Harlan Sletten, shemeji yake Verlyn na jirani yangu, alitumia filimbi ya mti mpaka midomo ikapasuka, na hakupiga mahali pamoja mara nyingi. Alisema koyote aliyedanganywa akapona, huenda akawafunza wanawe. Verlyn alipiga boksi lake kilima kilekile kila asubuhi, majira yote ya baridi. Kufikia mwezi wa tatu, koyote wote wa bonde letu walikuwa wamehitimu.

Alichokitaka hasa kilikuwa uzio. Kwetu mtu akiua koyote humning'iniza kwenye nguzo ya uzio kando ya barabara, na kila apitaye hupunguza mwendo, akainua kidole kimoja juu ya usukani kumpa heshima. Hicho kidole ndicho Verlyn alichokitamani. Miaka yote ile nyuma ya kaunta hakuna aliyemwinulia.

Sasa dada yake, Ardis, mjane wa Harlan, alikuwa na kondoo. Ndio waliobaki mikononi mwake baada ya Harlan, wao na mbwa mweupe mlinzi aitwaye Gus. Mwaka uliopita koyote jike mmoja alimlia wanakondoo wengi, na Ardis alishasema mbele ya watu, kwenye chakula cha baada ya ibada: msimu huu ukiwa kama ule, anapiga simu kwa mnunuzi, lori lije, kondoo waondoke wote. Ardis hasemi neno kutishia watu. Akisema, amesema.

Verlyn akaweka uma chini. "Dada, huyo koyote niachie mimi."

"Nikuachie wewe?" Ardis alisema. "Verlyn, we panya wa gereji yako tu umeshindwa naye."

"Panya hana wito. Koyote ana wito."

"Na mlango je?" nikamuuliza mimi. "Umejifunza kufunga mlango?"

"Norma, mambo ya milango ni ya kizamani. Siku hizi ni teknolojia."

Watu wakacheka, na Verlyn akacheka nao, kwa kuwa hakujua kwamba anachekwa. Mimi sikucheka. Nilimdharau kabisa, nasema wazi, na niliendelea kula viazi vyangu.

Mwezi wa nne kondoo wakaanza kuzaa. Nilikwenda kumsaidia Ardis kama kila mwaka. Wazazi wengi walikuwa malishoni chini, karibu na kijito, kila mmoja na mwanawe aliyezaliwa juzi au jana, miguu bado inatetemeka. Gus alilala katikati yao. Asubuhi moja, jua likiwa limechomoza, tulikuwa zizini na kondoo mmoja aliyekwama katika kuzaa, mkono wa Ardis umeingia mpaka kwenye kiwiko, tukasikia mlango wa pikapu ukibamizwa juu kilimani, pale uzio wa malisho unapokutana na barabara.

"Amekuja," Ardis akasema. "Basi leo koyote wote wako salama."

Tulidhani atapiga sungura wake, akae mpaka achoke, aje kunywa kahawa. Lakini Verlyn, baada ya baridi nzima bila kitu, alikuwa amefikiri, na Verlyn akifikiri ni hasara kwa jirani. Alijiambia: huyu koyote anakula wanakondoo, basi nimpigie anachokula. Ndani ya boksi mlikuwa na sauti ya mwanakondoo anayekufa. Akalitundika boksi kwenye waya wa uzio, kwa sauti ya juu, upepo ukimtoka mgongoni kuja kwetu, akabonyeza.

Mtu yeyote aliyewahi kushika kondoo angejua kitakachotokea. Hata mimi, ninayejua sauti ya kila zizi la bonde hili, nilisimama wima nikidhani ni mwanakondoo wa kweli. Wale mama kule chini walidhani nini? Waliinua vichwa wote pamoja. Kisha wakakimbia. Kila mmoja aliacha mtoto wake wa juzi nyasini, akapanda kilima mbio akilia, na Gus, mbwa mwaminifu, akatangulia mbele yao kwenda kupigana.

Verlyn alisikia vishindo akainua bunduki. Katika ile darubini ndefu akaona pua ya kondoo. Akashika rimoti azime, lakini alivaa glavu nene za kijani, na kila alipobonyeza sauti ilizidi. Mama wakalizunguka lile boksi wakilisukuma kwa paji la uso, wakilinusa, wakilijibu.

Kule kijitoni hakukuwa na mtu. Koyote jike alitoka korongoni bila haraka, kama anayekwenda dukani. Ardis alimwona kutoka mlango wa zizi, akapiga ukelele, akakimbia na mikono yake yenye damu, nami nyuma yake. Tulipofika alikuwa amekwenda. Wengine aliwabeba, wengine aliwang'ata tu shingo akawaacha.

Verlyn akashuka kilima na kigoda mkononi.

"Dada, alikuja?"

Ardis alikuwa amepiga magoti. "Alikuja."

"Mimi sikumwona."

"Hukumwona kwa sababu ulikuwa unaangalia kondoo wangu, Verlyn."

Ndipo akatazama chini. Sijui kama alielewa yote palepale; yeye si mwepesi wa kuelewa. Alisema, "Nilitaka tu kukusaidia, Ardis." Ardis akainuka. Alikusanya waliokufa, akaingia ndani, nikamsikia akizungusha namba ya mnunuzi.

Boksi Ardis alilitundika yeye mwenyewe, kwa kamba ya kufungia majani, kwenye nguzo ya barabarani palepale lilipolia, pale Harlan alipokuwa akining'iniza koyote wake. Kila aliyepita alipunguza mwendo. Tuliinua kidole, wote, na mimi wa kwanza. Hatimaye Verlyn alikuwa na uzio.

Lakini wale mama waliopoteza wana hawakuelewa dhihaka yetu. Walirudi kilimani kila asubuhi, chuchu zimejaa mpaka zinadondosha maziwa, wakasimama chini ya boksi wakilitazama, wakingoja lilie tena.

Verlyn alipita siku chache kabla ya lori. Mimi nilikuwa natengeneza waya upande wa pili, nikainua kidole changu tayari. Hakukitazama. Aliwatazama kondoo kwa muda mrefu, kisha akazima injini, akashuka. Nilingoja ule mshindo. Alisukuma mlango kwa nyonga, polepole, mpaka ukashika bila sauti, na hakuna kondoo hata mmoja aliyegeuka.