Miguu Nyuma ya Apiyo

Admin, naomba ufiche jina langu la ukoo. Hili la Adongo liache tu, maana huku kwetu kila kijiji kina Adongo wake na hakuna atakayenitambua kwa hilo. Nina miaka ishirini na minne, sijaolewa, na masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Mimi ni mwanariadha wa mita elfu tano. Kwetu ni Lambwe, Homa Bay, lakini sasa niko kwenye kambi ndogo ya mazoezi karibu na Rongo.

Kwa wasiojua, kwetu Wajaluo pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa huitwa Apiyo, na anayefuata ni Adongo. Na kwetu mkubwa hutangulia kwa kila kitu. Hata shamba likipandwa, mkubwa ndiye hutupa mbegu kwanza. Mama alilishika jambo hilo hata kwetu sisi tuliopishana dakika chache. Apiyo alioga kwanza maji yakiwa bado moto, na alikatiwa ugali kwanza. Sikuona ubaya. Aliniachia maji mengi, na sabuni aliiweka upande mkavu wa jiwe ili nisiikute imelowa.

Tulianza kukimbia tukiwa shule ya msingi, kando ya ua wa mbuga, twiga wakitutazama juu ya nyaya. Apiyo mbele, mimi nyuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatua kwa uzito kuliko wa kushoto, tangu siku alipoanguka kutoka kwenye mpera. Watu walidhani nashindwa kumpita. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeniomba. "Kaa hapo hapo, Adongo," alikuwa akisema. "Niisikie miguu yako. Nikiisikia sichoki."

Alishinda mashindano mengi hivyo. Kocha wetu alimuuliza siku moja huwa anawaza nini miguu ikianza kuwaka moto. Akajibu, "Huwa nasikiliza." Kocha alifikiri anasikiliza pumzi yake. Mimi tu nilijua.

Mwaka jana malaria ilimpanda kichwani. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke. Hata siku hiyo nilikuwa nyuma yake. Hakurudi nyumbani.

Niliendelea kukimbia kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya asubuhi. Lakini nikifika kona ya mwisho, jambo moja hutokea. Naona mbele yangu pengo, upana wa mabega ya mtu. Kama kuna mtu hapo, namfuata. Kama hakuna, napunguza mwendo mpaka mtu aje ajaze. Nimekuwa wa pili kila mahali. Pale kambini wananiita Silva, yaani medali ya fedha. "Huyu alizaliwa namba mbili," msichana mmoja alisema tukiosha vyombo, "mwacheni na cheo chake." Tulicheka wote, hata mimi.

Baada ya mbio za juzi kule Migori, kocha aliniita kando.

"Nyar Lambwe," akasema. Ndivyo huniita, binti wa Lambwe. "Ulimwona yule wa mbele amekwisha miguu?"

"Nilimwona, mwalimu."

"Sasa mbona hukupita?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Mapafu unayo. Mazoezi hukosi. Lakini kushinda kunataka utovu wa adabu kidogo. Lazima umwonyeshe mwenzako mgongo bila kumwomba radhi."

"Najua, mwalimu."

"Hujui. Ungejua, ungepita."

Akaniambia kwenye mchujo wa mwezi ujao, pale Homa Bay, ni wa kwanza peke yake atakayechukuliwa kwenda kambi ya taifa. Nikiwa wa pili tena, nafasi yangu hapa atampa mwingine.

Nilienda nyumbani kumweleza mama. Alikuwa anabambua njugu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ukishinda watatangaza jina la nani?"

"Adongo, Mama."

"Kabla ya Apiyo?"

Akaendelea na njugu zake. Baadaye akasema polepole, "Sikukatazi, nyathina, mwanangu. Nauliza tu, wewe ukitangulia, yeye atasikia miguu ya nani?" Sikujua kwamba Apiyo alikuwa amemwambia habari ya miguu yangu. Tulipoketi kula, Mama alikata kipande cha kwanza cha ugali akakiweka kando, kama anavyofanya tangu mazishi.

Asubuhi yake nilikimbia peke yangu kando ya ule ua. Hapakuwa na upepo wala mtu njiani. Nilipopita mahali tulipokuwa tukiacha viatu vya shule, nikasikia miguu nyuma yangu. Wa kulia unatua kwa uzito, wa kushoto kwa wepesi. Nikapunguza, ikapunguza. Nikakaza, ikakaza. Sikugeuka. Nilikimbia mpaka kwenye daraja dogo jinsi ambavyo sijawahi kukimbia maishani mwangu. Niliposimama, kukawa kimya. Twiga mmoja alikuwa amenyoosha shingo juu ya nyaya. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama barabara nyuma yangu.

Tangu siku hiyo silali vizuri, wala sijamwambia mama wala kocha. Kuna wakati naamini Apiyo amenipa nafasi yake, kwamba sasa ananifanyia kile nilichomfanyia mimi miaka yote. Halafu nakumbuka maji ya kuoga, nakumbuka ugali, na naogopa kwamba anakuja kuchukua mahali pake na mimi ndiye nimemzibia njia.

Ninyi mliowahi kumzika pacha, au mtu mliyekua naye hatua kwa hatua, nishaurini kabla ya mchujo. Nikiisikia tena miguu ile kwenye kona ya mwisho, nikaze, au nimpishe?