Ndaga ya Kutokea Ghalani

Mwalimu ameniomba ghala la kanisa, ambalo funguo zake ninazitunza mimi, awafundishie humo watoto wa shule ya msingi ukulele, vigitaa vya nyuzi nne walivyojitengenezea kwa mbao na mishipi ya kuvulia, ili kila mzazi amudu. Nimefungua mlango, harufu chachu ya kakao ikanipokea.

Ndani ya harufu hiyo baba, mtunza ghala wa wakati huo, alinifungia humu nikiwa mtoto, baada ya kulikanyaga gitaa langu la kopo. Kwetu mtoto aliyeadhibiwa lazima ashukuru, aseme “ndaga”, yaani asante.

“Sema ndaga, utoke.”

“Ndaga ya nini, baba, nawe umelivunja?”

“Basi kaa, kakao ikufundishe.”

Joto lilipanda. Magunia yalinichoma mgongo, na mwanga ulikuwa mstari mmoja chini ya mlango. Mama akaja kuuziba kwa kivuli chake.

“Mwanangu, sema tu. Ni neno dogo.”

Nikalisema. Mlango ukafunguka. Sikushika tena uzi wa gitaa.

Mungu amenijalia miaka mingi, na shukrani haikauki kinywani mwangu. Leo binti mdogo amepokea kigitaa chake mkononi mwangu, akanipigia goti.

“Ndaga, bibi.”

Nimemwinua. Nimempa mwalimu funguo zote mbili za ghala, nikakaa juu ya gunia, mlango ukiwa wazi, kusikiliza.