Bunduki ya Maji ya Bi Mkavu

Bi Mkavu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata kazini, kwa kuwa ni fundi bomba, na akishafunga kiungo cha bomba, pale chini hubaki pakavu hata ukitaka kulaza godoro. Wapo wanaosema jina lilimkaa kwa sababu ya ukavu wa macho yake, na wala hawakosei.

Mwaka huu mkono wa kulia ulimsaliti. Alipata kiharusi kidogo, akapona miguu na ulimi, ulimi ukiwa wa kwanza, lakini kiganja kikabaki kimelegea kama kitambaa cha kudekia. Wanawe wakakaa kikao bila yeye. Walimpenda, hilo halina ubishi, na mapenzi hayohayo ndiyo yaliyomchosha. Wakakata shauri kwamba kazi basi, na sanduku la vifaa apewe fundi mwingine. Jumamosi binti yake mkubwa, muuguzi, alikuja na gari pamoja na mapacha wake, na kwa kusaidiwa na jirani akalipakia sanduku kwenye buti hata chai hajanywa.

Bi Mkavu alimtazama tu. Mapacha walikuwa wanagombania chupa ya plastiki ya kurushiana maji. Akawaambia waachane na hayo mambo ya kitoto, bibi yao atawaundia bunduki inayokunywa moja kwa moja kwenye mpira wa bustani, isiyoishiwa risasi mpaka bomba la mtaa likauke. Kisha akamgeukia mama yao.

"Naiunda sasa hivi, kwa mkono, na gundi sitii. Ikivuja tone moja, nenda na sanduku, sitatia neno."

"Na isipovuja?"

"Utaliteremsha."

Muuguzi alikubali upesi. Kile kiganja alikipima mwenyewe, na alijua hakiwezi kukaza hata kifuniko cha chupa.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wao walipokuwa wanakaa vikao, Bi Mkavu alikuwa anajifungia stoo na mabomba mabovu, akiufundisha kazi mkono wa kushoto. Mwanzoni ulikuwa mbishi, ukiharibu nyuzi za kukazia viungo na kumwangushia spana kwenye vidole vya miguu. Aliutukana kwa maneno ambayo si ya kuandika hapa. Hata hivyo aliushikilia kila asubuhi, na polepole ukaanza kutii.

Akatoka stoo na kipande cha bomba la plastiki, koki ya mpini ya kufungulia, kiungo cha njia tatu cha kutengenezea mahali pa kushikia, tepu nyeupe ya mafundi, na ile spana aliyojifunzia. Bomba alilibana kwapani upande wa kulia. Kwa kushoto akazungusha tepu juu ya nyuzi, akiivuta mpaka ikalala barabara, kisha akakaza kwa spana, kiungo baada ya kiungo. Mwisho akaubana mpira wa bustani kwa nyuma. Muuguzi alikuwa amekunja mikono tangu mwanzo. Taratibu ikakunjuka yenyewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Maji yalitoka kwa uvivu, yakafia miguuni pake, na mapacha wakacheka mpaka wakakaa chini. Bi Mkavu naye akacheka. Maisha yake yote amekuwa akiyapa maji njia pana, maana watu wanataka ndoo ijae haraka, na hapa alikuwa ameunda bomba la kujazia ndoo. Akachukua kifuniko cha bomba, akakitoboa tundu dogo katikati kwa msumari wa moto, akakifunga mdomoni mwa bunduki.

Muuguzi akasema sasa mfereji ataufungua yeye, tena mpaka mwisho. Koki ya bunduki ikiwa imefungwa, mpira ukavimba na kukakamaa. Hapo, tuseme kweli, Bi Mkavu aliogopa. Tone moja tu, na kazi yote aliyoishi kwayo ingeondoka ndani ya buti la gari. Binti yake akatoa tishu, akaizungushia kila kiungo, akaibonyeza kama anayetafuta damu kwenye kidonda, akaitazama kwenye mwanga. Kavu. Akarudia na tishu mpya. Kavu.

Bi Mkavu akafungua koki. Maji yakaruka kamba ya nguo, yakapiga ukuta wa mwisho wa ua kwa kishindo. Akawakabidhi mapacha bunduki yao, nao wakaanza vita.

Muuguzi alibaki pale na tishu mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Kwa nini hukutuambia, Mama?"

"Kikao kilikuwa chenu, mwanangu. Mngeniita, ningesema."

Binti akaitia tishu mfukoni. Akaenda kwenye gari, akafungua buti, akalivuta sanduku. Halikutikisika. Akavuta tena, uso ukimwiva. Bi Mkavu akamfuata, akashika mpini wa upande mmoja kwa mkono wa kushoto, akamwambia ashike wa pili. Wakaliteremsha, wakavuka nalo ua wakilowana, kwa sababu mapacha hawakuona sababu ya kumwonea huruma mtu. Walipofika katikati, mmoja wa wabebaji akaomba wapumzike kidogo, na huyo alikuwa muuguzi, mwenye mikono yote miwili mizima.