Soja Aliyedhani Tunanong'ona

Nilikuwa nimeshaizoea kazi ya uuguzi Doha alipoletwa wodini soja mmoja Mkenya, kijana wa kulinda hoteli kule West Bay. Wenzake wa chumba, mtaani Najma walikoishi, walidhani amepigwa na jua. Alipoanza kutapika na kuweweseka, wakamkimbiza hospitali.

Nilijaribu kumwinamisha kichwa, shingo ikakataa. Mwanga wa dirishani ulimliza. Daktari akamtoa maji ya mgongoni. Yalitoka na ukungu, ilhali yanapaswa kuwa maangavu. Homa ya uti wa mgongo. Tukamtenga, dawa zikaanza kuingia mshipani, nami nikapangwa kwake kwa sababu ya Kiswahili.

Kila mara nilirudia yale yale: kummulika mboni za macho, kumwita, kumpa vidole vyangu avibane.

"Kaka, uko wapi sasa?"

"Niko kwetu," alijibu mara moja. Kisha akahamia Kikamba, lugha nisiyoijua.

"Anasema nini?" daktari akaniuliza.

Nikamweleza kuwa hicho si Kiswahili. Baadaye mgonjwa akanyamaza kabisa, na vidole vyangu havikubanwa tena.

Homa iliposhuka, asubuhi moja nilimkuta amefumbua macho.

"Sista, mbona mnanong'ona?"

Nikacheka kwa furaha. "Nani ananong'ona, kaka?"

Akaitazama midomo yangu. Nikapita nyuma yake, nikapiga makofi. Hakugeuka.

Daktari alisema ugonjwa huu hufanya hivyo, humwachia mtu uhai ukamnyang'anya masikio. Nilimwandikia hayo kwenye karatasi. Akasoma, akauliza yatapona lini. Nikatikisa kichwa. Nilimaanisha sijui, yeye alielewa nini, sijui.

Mchana mama yake akapiga simu, nikaipokea mimi.

"Mwanangu, mpe simu nimsikie."

"Mama, kuongea anaongea. Lakini hasikii."

"Wewe mpe tu. Sauti yangu ataisikia."

Nikamshikia simu sikioni. Kijana aliongea polepole, akinyamaza kidogo kila alipomaliza neno, kumpa mama nafasi ya kujibu. Na mama alikuwa akijibu, akiita, sauti ikipanda hadi mimi nikaisikia vizuri.

Alipopata nguvu alirudishwa Kenya, masikio yakiwa vilevile. Nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye gari. Njia nzima aliongea kwa sauti kubwa mno, watu wakigeuka kututazama, nami sikujua nimwambieje apunguze.