Blanketi la Mahari Kwenye Ukumbi Usio na Paa

Jamani, nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo na ninyi mnicheke. Jumapili mjukuu wangu Neema alikuwa anaimba na kwaya kwenye ule ukumbi wa zamani wa wazi, wenye ngazi za mawe, huku upande wa Oldonyo Sambu. Wakwe zake watarajiwa wa Kisongo nao wakaja. Neema akanishika mkono, "Bibi, leo tulia. Harusi bado, usije ukaniharibia."

"Mimi tena? Nitakaa kama mke wa mchungaji!"

Tulifika mapema. Wakwe wakapanda mpaka ngazi ya juu kabisa. Mimi na haya magoti nikabaki chini katikati, pale wanaposimama waimbaji, na jirani yangu Mama Elia. Nikawaona wakwe kule juu wadogo kama kuku, na ukumbi wenyewe hauna paa. Nikajua maneno yataondoka na upepo.

Mama Elia akaninong'oneza, "Lile blanketi la mahari walilokuletea, zuri?"

"Mwenzangu, linawasha hilo! Nimejikuna mpaka kukakucha. Nimemfunika ndama."

Kumbe waliojenga pale walijenga ili mwimbaji asikike mpaka juu bila spika! Ukumbi mzima ukanigeukia. Neema, pale pembeni na wanakwaya wenzake, akajifunika uso. Halafu mama mkwe wake, bila hata kupaza sauti, huku kicheko kimemjaa mdomoni, akaniuliza kutoka kule juu:

"Bibi, na ndama naye anajikuna?"