Kompyuta ya Pale Kwenye Kona

Wiki jana nilipanga foleni katika ofisi moja hapa Rongo, mtandao ukisuasua. Fundi alikuwa ameingia kwa simu yake kwenye ruta inayogawa mtandao, akizifungia intaneti kompyuta zisizoihitaji.

"Hii ya kona inakula mtandao kuliko zote," akasema. "Inatumiwa na nani?"

Pale konani palikuwa na kiti kitupu, na kompyuta iliyofunikwa leso.

Mama wa kaunta akasema polepole, "Ni ya mwenzetu. Bado yuko mochari."

Fundi akaenda, akainua leso, akachungulia nyuma ya meza. Alirudi akipangusa viganja kwenye suruali. "Mama, hii haina hata waya wa stima."

"Najua. Niliuchomoa mwenyewe siku aliyofariki."

Fundi akapeleka kidole kwenye simu ili aifungie. Mama akamshika mkono. "Ngoja azikwe Jumamosi, mwanangu. Kwetu mtu hafungiwi mlango kabla hajalala kwake mara ya mwisho."

Mimi husema siamini mambo hayo. Lakini fundi alipotuuliza wateja kama tungevumilia mtandao huo hadi Jumatatu, mkono wangu ndio uliotangulia kuinuka.