Chui Haahidiwi

Tangu azaliwe, mdomo wa binti huyu haujawahi kwenda likizo. Shuleni walimhamisha dawati baada ya dawati, na kila alikopelekwa majirani zake nao wakaanza kuongea. Wakamwita Kasuku. Wengine wangenuna, yeye alilipokea jina kama cheo.

Shangazi yake ana kampuni ndogo ya kutembeza wageni mbugani: magari mawili, mahema machache na amri moja tu. Mnyama haahidiwi. "Waambie tutamtafuta," shangazi husema. "Basi. Simba hajakuajiri uwe msemaji wake."

Kasuku alianza kwa kuosha magari hayo, akajifunza njia zote akiwa kwenye kiti cha pembeni, na sasa ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa usukani na wageni wake mwenyewe, kwa majaribio. Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi ya mwisho ya safari, mezani, kabla hata chai haijapoa.

Wageni walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe. Mzee alikuwa ameshatembelea mbuga mara kadhaa na chui hajamwona hata mkia.

"Chui wake ni kama mchumba wa kwenye simu," bibi alicheka. "Kila siku yuko njiani."

Mzee akatabasamu, lakini macho yalikuwa kwenye kikombe. Kasuku akashindwa kuvumilia.

"Babu, leo utamwona! Usipomwona, niite bata!"

Nyuma yake chupa ya chai ikasita hewani. Shangazi alikuwa amesikia.

"Bata ni jina zuri mno," akasema taratibu. "Mimi nitakuita muosha magari. Ukirudi bila chui, ufunguo uache hapa mezani."

Basi wakaondoka, paa wazi, upepo wa asubuhi ukiwapiga usoni, na Kasuku akisali kimoyomoyo kwa maneno mengi kuliko kawaida ya sala. Akaelekea korongoni, ambako jana aliona nyayo za chui kwenye mchanga. Hawajafika mbali, redio ya kuwasiliana na madereva wengine ikakoroma: simba na watoto wake wako barabara kuu, njooni!

"Twende!" bibi akaruka kitini.

Kasuku alikuwa ameshakata nusu ya kona, tumbili walipolipuka kwa kelele juu ya mkuyu. Si kelele za kugombania matunda. Walikuwa wakimkemea adui, wote wakitazama chini, kwenye nyasi zilezile. Akazima gari. Alikuwa na hotuba nzima tayari kuhusu tumbili na kelele zao, lakini alijua kabisa kwamba neno moja lingemfukuza aliyeko kwenye nyasi. Akaweka kidole mdomoni.

Ulimi ulimwasha kama uliopakwa pilipili. Aliuma mdomo wa chini, akauma wa juu, akakaribia kuuma usukani. Kimya kikakaa, kikakaa, mpaka kikavunjwa kutoka kiti cha nyuma.

Mzee anakoroma!

Na nyasi, wakati huohuo, zikagawanyika. Chui akatoka, mzito, bila haraka, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Kuruka mara moja tu, yuko kwenye tawi, mkia unaning'inia.

Bibi akamfinya mumewe.

"Niache, mama watoto," mzee akanong'ona. "Nasahihisha mitihani."

Bibi akamziba mdomo, akamgeuza kichwa kwa mkono wa pili kama anayefunga kifuniko cha chupa. Mzee akafumbua macho, na chui alikuwa akimtazama yeye. Kamera yake ikabaki mapajani. Hakuigusa. Chui akapiga mwayo, meno yote nje, akateremka na kupotelea korongoni.

Hapo gari zima likalipuka.

"Mmeona mkia?"

"Ameniangalia mimi!"

"Alikuwa anatafuta nani anakoroma!"

Walirudi wakipiga kelele kuliko tumbili. Shangazi alikuwa langoni, mikono kiunoni.

"Chui?"

"Tumemwona!" mzee akashuka kama kijana. "Na huyu binti hakutamka neno hata moja!"

Shangazi akamtazama mzee, akamtazama bibi. "Chui nakubali. Hilo la pili, mtanisamehe, lina picha?"

Bibi akatoa simu. Chui kwenye tawi, na pembeni Kasuku, viganja viwili mdomoni, macho yamemtoka kama aliyemeza kengele. Shangazi alicheka mpaka akaegemea gari.

"Ufunguo kaa nao," akasema akijifuta machozi. "Lakini leo umebebwa na tumbili. Siku nyingine watakuwa wamelala."

Mchana wakaingia wageni wapya, wamejaa vumbi na maswali. Kasuku akawapokea mabegi kwa furaha isiyo na breki.

"Karibuni, karibuni! Kesho simba mta—"

Shangazi akakohoa.

"—mtamtafuta pamoja nami," Kasuku akamalizia, na kukimbia na mabegi kabla mdomo haujabadili mawazo.